Matanga ya Jicho la Kushoto

Shida zangu zilianza mwaka wa 1970, nikiwa na miaka tisa, na zilianzishwa na samaki. Mama alinituma nipare ngege wawili wa mboga ya jioni, hapo kwetu karibu na Port Victoria. Mmoja alikuwa bado hajakata roho. Ngege aliye hai ana hasira, na mwiba wake wa mgongoni hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Alirusha mwili mara moja tu, mwiba ukanichana ukope wa jicho la kulia.

Kwenye zahanati walinisafisha, wakasema jicho lenyewe limenusurika, lakini lifungwe bandeji wiki tatu mpaka ukope ushikane. Nikabaki na la kushoto peke yake. Hapo ndipo niliposhtuka. Dunia yote ilikuwa kama naitazama kupitia mvuke wa sufuria ya uji. Mtu nilimjua kwa sauti. Kuku nilimjua nikishamkanyaga.

Nilimwambia mama. Mama hakuwa mtu wa kubabaika. Alisema macho ni pacha, na pacha hawatenganishwi: ukimnunulia mmoja gauni, unamnunulia na mwenzake, mmoja akiugua, mwingine anakataa chakula. "Hilo la kushoto liko matangani," aliniambia. "Linamlilia mwenzake. Mwenzake akipona, nalo litainuka." Maneno hayo yalikaa vizuri masikioni, na mimi sikuwa na mengine, nikayachukua.

Mwalimu hakujua habari za matanga. Aliandika ubaoni, akaniita nisome, mimi nikaona ubao mweusi na vumbi jeupe. Alinichapa siku ya kwanza kwa ukaidi, siku ya pili kwa uvivu, na siku ya tatu akaliambia darasa kwamba kichwa changu ni cha mbuta, yule samaki mnene wa ziwani, kikubwa na cha kuchemshia supu. Wiki ya tatu baba akasema karo haimwagwi ziwani. Bandeji ilipotolewa niliona kila kitu, hata jani juu ya mti, mama akasema si nilikuambia. Lakini nafasi yangu darasani ilikuwa imekwisha. Nikapewa beseni, nikaanza kubeba samaki.

Hayo nimeyasema ili ujue anayeandika ni nani. Sikusoma. Kusoma na kuandika nilijifunza kanisani nikiwa tayari mama wa watoto, na mpaka leo naandika kama mtu anayelima, mstari mmoja kisha napumzika. Lakini omena ninayouza mimi, hawa dagaa wa ziwani, Kisumu nzima inajua. Haina mchanga, haina jani, na haina fulu. Fulu ni samaki mdogo anayeingia wavuni pamoja na omena, ana mifupa migumu na uchungu kidogo, na wauzaji wavivu humwacha humo ili gunia lijae. Mimi humtoa. Kila asubuhi omena hutandazwa mbele yangu kwenye ungo mpana, vidole vinapita, fulu anaenda upande wa kuku.

Nilikuwa na vituko vyangu, watu wakacheka. Kupokea beseni kutoka kwenye mashua sikuweza bila kulipapasa kwanza hewani. Nilipokuwa msichana nilinyoosha mikono nikashika upepo, nikaingia majini na samaki wa watu, na pwani nzima ikasema nimelewa, mimi ambaye pombe sijawahi kuonja. Sindano sijawahi kuipitishia uzi. Na chai yangu humimina hivi: mdomo wa birika naulaza kwenye ukingo wa kikombe, ndipo naiachia iteremke. Nilipoolewa, mama mkwe alisifu. Alisema chai ya kumwagwa kutoka juu ni ya hotelini, ya watu wa kujionyesha. Basi nikajua nina adabu, na watoto wangu wote niliwafundisha adabu hiyo. Walikataa.

Mjukuu hakukataa. Huyu ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, anayefanya kazi ya ofisi Nakuru. Aliniletea msichana akiwa na miaka mitatu, nikaishi naye hapa Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu. Jina tulimpa la mama yangu, kwa hiyo mimi humwita Mama, na yeye huniita Dani, yaani nyanya. Ukitusikia nyumbani hutajua nani amemzaa nani. Alipofika miaka mitano alikuwa anajimiminia uji uliopoa kutoka kwenye jagi, na bila kufundishwa na mtu aliulaza mdomo wa jagi kwenye ukingo wa kikombe, taratibu, kama mimi. Niliwaita majirani waje waone. Nikasema damu haipotei.

Zaidi ya hapo, alikuwa anachagua omena. Nilimwekea ungo wake mdogo kando ya wangu. Alikuwa anainama mpaka pua inakaribia samaki, na fulu hata awe mdogo kama ukucha, anamtoa. Nilikuwa na msemo wangu sokoni, niliutoa kila mtu alipozungumzia macho ya watoto: mtoto anayejua fulu na omena, macho yake hayahitaji daktari. Nilisema hivyo miaka mingi. Kuna wanawake walionisikiliza, na leo natamani wasingenisikiliza.

Sasa, shule ya chekechea alikokuwa akisoma ilileta karatasi kwamba watoto watapimwa macho, mzazi aje. Nilienda kwa sababu nilidhani kutakuwa na soda. Kulikuwa na kijana mmoja wa kliniki, mpole, mwenye kadi za picha. Watoto hawajui kusoma, kwa hiyo wanaonyeshwa nyumba, duara, tufaha, na wao wanataja. Nilipoliona tufaha nilisema moyoni, huu mtihani ni wa watoto wa Nairobi.

Alimziba mjukuu wangu jicho la kushoto, akasimama mbali, akamwonyesha. Mtoto akataja yote, na tufaha akalitaja, na lile dogo kabisa akalitaja. Nikaangalia wazazi wengine, ili wajue huyo ni wa nani. Kisha akamziba la kulia. Mtoto akausukuma mkono wake. Akamziba tena, mtoto akageuza shingo achungulie pembeni. Mara ya tatu akalia, akasema, "Dani, mwambie aniachie, ameweka giza." Kijana akasogea karibu na picha kubwa kuliko zote, nyumba ya ukubwa wa kiganja. Mtoto akasema ni mpira.

Yule kijana alinikalisha kando. Alisema jicho la kulia ni zima kabisa, la kushoto ni dhaifu toka akiwa mchanga, na kwa vile moja linaona vizuri, ubongo umezoea kulitumia hilo tu na lingine umelisahau. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Mtoto hawezi kulalamika, kwa sababu hajui kwamba watu wengine wanaona kwa mawili.

Nilimweleza kuhusu pacha na matanga. Nilimweleza vizuri, bila hasira, kama mtu mzima anavyomweleza mtoto wa mwenzake. Amemziba mmoja, mwenzake amegoma, afanye kuwaachilia wote wawili aone. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha nikamuuliza dawa anayoijua yeye ni ipi.

"Miwani, Mama. Halafu lile jicho zuri tunaliziba saa chache kila siku, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi."

"Yaani uzibe lile zima."

"Ndiyo. Ukiwa na ng'ombe wawili wa kulima, na mmoja anamwachia mwenzake kazi yote, wewe ungefanya nini?"

"Ningemuuza."

Wazazi walicheka, na yeye akacheka. Akasema jicho haliuzwi. Lakini alipomaliza kucheka aliniambia jambo lingine kwa sauti ya chini: kwamba miaka mitano ni wakati mzuri, mtoto bado anashika haraka, na kila mwaka unaopita mlango unajifunga kidogo. Akishapita miaka saba, minane, kazi inakuwa ngumu. Akichelewa sana, jicho hilo litabaki hivyo maisha yote. Akaandika karatasi ya kwenda hospitali ndani ya wiki mbili. Niliikunja, nikaifunga kwenye pindo la leso, pale ninapofunga vitu ninavyotaka kuvisahau.

Nitasema ukweli, sikuwa nabisha kwa ajili ya kubisha tu. Niliogopa. Jicho zima lililozibwa ndilo lililonitoa mimi shuleni. Nilimwona mjukuu wangu amesimama mbele ya ubao na kiraka usoni, na darasa linacheka kichwa cha mbuta. Nikaapa mtu hatamfunga mtoto huyu jicho nikiwa hai.

Wiki tatu zilipita hivyo. Binti yangu alipiga simu kila jioni kutoka Nakuru. Mwalimu wa chekechea alikuwa amempigia na kumweleza yote, jambo ambalo nililiona ni uchongezi. Siku ya kwanza alibembeleza. Siku ya pili alisema yeye amesoma na anajua, mimi nikamuuliza hiyo karo ya kusoma ilitoka kwenye omena ya nani. Jumamosi moja, mchana, nilimwita mtoto, nikamtandazia ungo mzima wenye fulu niliowachanganya kwa makusudi. Aliwatoa wote. Nikampigia mama yake mimi mwenyewe, nikiwa mshindi.

Nilimwambia ungo uko safi. Nikamwambia na mimi nilifungwa jicho utotoni, lile lingine likaomboleza, bandeji ikatolewa, nikapona, na macho yangu yote mawili ni mazima mpaka leo, asante Mungu.

Binti akasema, "Mama, ulijuaje kwamba la kushoto lilipona?"

"Si niliona. Niliona hata jani juu ya mti."

"Uliliona kwa jicho lipi?"

Nilimwambia salio linaisha, nikakata. Salio halikuwa linaisha.

Nilikaa pale kwenye kigoda, ungo mbele yangu. Fikiria jambo hili. Mtu mzima mwenye akili zake hana sababu ya kujiziba jicho moja. Unaoga, unaingiwa na kitu, unafumba yote mawili. Miaka hamsini na zaidi sikuwahi kuliziba lile la kulia, hata kwa mchezo. Nikaangalia kama kuna jirani ananitazama. Nikaliziba kwa kiganja.

Mvuke wa uji ulikuwa pale pale. Ungo wangu ulikuwa doa la kijivu. Omena, fulu, mkono wangu mwenyewe, vyote doa. Mjukuu alikuwa amesimama hatua tatu mbele yangu, na kama asingesema kitu ningedhani ni nguo iliyoanikwa.

Alisema, "Dani, na wewe wameweka giza?"

Matanga gani haya ya miaka hamsini na kitu. Hata mfalme haombolezwi hivyo. Nikakumbuka beseni nililolikosa hewani, na sindano, na birika nililolilaza kwenye kikombe miaka yote nikiita adabu. Nikamtazama mtoto na jagi lake mezani. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mchana. Lakini wale fulu niliwapa kuku bila kuwahesabu, na hiyo si kawaida yangu.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitalini kabla mlango haujafunguliwa. Muuguzi wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, ana sauti ya kuuza sokoni, tukaelewana. Alimtia mtoto dawa ya matone, akampima kwa mashine, akasema hivyo hivyo kama yule kijana: miwani, na kiraka kwenye jicho la kulia saa mbili kila siku, na kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Hakunigombeza kwa wiki tatu nilizopoteza. Nilimwambia anigombeze, akasema angegombeza kama ingekuwa miaka mitatu.

Kisha nikasema na mimi nipimwe. Aliniangalia muda mrefu kwa ile taa yao ndogo. Nikamwambia aseme tu, mimi nimezika mume na ng'ombe.

"Mama, jicho lenyewe halina ugonjwa. Lilihitaji mtu wa kumziba mwenzake ukiwa mdogo kama huyu. Sasa tumechelewa."

"Mwenzake alizibwa wiki tatu. Nilikuwa na miaka tisa."

"Bila miwani, na bila mtu kujua. Mlango uligongwa, hakuna aliyefungua."

Akaniambia nilinde hili moja kama mboni, maana ndilo nililo nalo. Akanipa miwani ya kulikinga, kioo kigumu. Tangu hapo napara samaki nikiwa nimevaa miwani, na wenzangu sokoni wananiita Profesa. Wacha waite.

Usidhani kiraka kilikuwa rahisi. Siku ya kwanza mtoto alikibandua mara saba. Siku ya pili alikibandika kwa paka. Alikaa chini akaniambia, "Dani, hilo jicho halijui kazi." Nikamwambia hata mimi sikujua kazi, nilifundishwa na njaa. Muuguzi alikuwa amesema wakati wa kiraka mtoto apewe kazi ya karibu, kuchora, kushona shanga, vitu vidogo vidogo. Shanga sina. Nina omena.

Basi ule ungo niliouita mtihani ukawa dawa. Kila siku akitoka shule, miwani usoni, kiraka kulia, na ungo wake mdogo mapajani. Mwanzoni ilikuwa aibu. Fulu walibaki kwenye omena, na omena safi wakaenda kwa kuku. Kuku wangu walinenepa msimu ule kuliko kuku wowote Nyamasaria. Mimi nilikuwa narudia ungo wake kwa siri akishalala, lakini siku moja sikurudia, nikaenda sokoni hivyo hivyo. Mteja wangu wa miaka mingi, mwanamke wa Kaloleni mwenye ulimi, alitia mkono kwenye gorogoro, kopo langu la kupimia, akatoa fulu, akamwinua juu kama mhubiri anavyoinua Biblia. Aliuliza kama siku hizi Profesa anauza na chakula cha kuku.

Miaka mingi nilijivunia omena isiyo na fulu. Ningeweza kusema uongo. Nilimwambia ukweli: hiyo imechaguliwa na jicho linalojifunza kuona, ukitaka safi rudi baada ya miezi sita, na ukitaka kusaidia nunua hivi hivi. Alisimama. Akauliza jicho gani. Nikamweleza yote, mbele ya foleni. Akanunua, na kesho yake akaniletea mjukuu wake mwenyewe nimzibe jicho. Nikamwambia mimi si daktari. Lakini nilimziba.

Hilo ndilo ninalowaambia nyanya na mama wote. Ziba jicho moja la mtoto, mchezeshe, muulize anaona nini pale mbali. Ziba lingine, muulize tena. Akikataa kuzibwa moja tu na kulia, usimchape kwa ukaidi, anakuambia kitu. Na hata akishinda mtihani wako, mpeleke kwa wenye kadi, kabla hajaanza darasa la kwanza. Mimi mtihani wangu wa omena ulikuwa mzuri sana, na ulikosea.

Miezi mitatu ya kwanza aliona mpira kuwa mpira na nyumba kuwa nyumba. Miezi sita, mistari miwili zaidi ya picha za hospitalini. Fulu walipungua kwenye ungo, kuku wakakonda. Alipotimiza mwaka mmoja tangu siku ile ya Jumatatu, muuguzi alimziba la kulia, akasimama mbali, mtoto akataja mstari baada ya mstari mpaka ule wa mwisho kasoro mmoja, tufaha na yote. Kiraka kikatolewa. Miwani inabaki, na tutaendelea kwenda kuangaliwa.

Jioni ya siku ile alitaka kunimiminia mimi uji. Aliinua jagi juu, juu kabisa, usawa wa kidevu, akauachia. Uji ukashuka kamba moja ndefu mpaka katikati ya kikombe, bila tone pembeni. Kama mhudumu wa hotelini. Nikamwambia hana adabu. Akacheka, akamimina kingine.

Leo nina nyumba ya matofali hapa Nyamasaria, vyumba vinne, ya bati jekundu. Nina vyumba sita vya kupangisha nyuma yake. Nina kibanda sokoni, chenye mlango wa chuma. Nyavu kumi na mbili za kuanikia omena ufukoni. Ng'ombe watatu, mmoja mvivu, sijamuuza. Kuku kumi na tisa. Nyungo mbili, mpana na mdogo. Birika moja la zamani. Miwani miwili, yangu na yake. Kiraka kimoja kilichobaki, nimekifunga kwenye pindo la leso. Na nyumbani kwangu kuna macho manne: matatu yanaona.